Dresa Aliyeupa Mlima Kisogo

Kama hukuwahi kuoshwa kidonda na Dresa, basi hujawahi kutukanwa. Alitukana kwa upole, mkono ukifanya kazi taratibu na mdomo ukikuvua nguo mbele ya foleni nzima. "Wewe na mguu huu, ulikuwa unautafutia kaburi lake peke yake?" Foleni inacheka, wewe unalia, kidonda kinapona. Tulimwita Dresa kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake, kuosha na kufunga vidonda katika zahanati ndogo ya Bwera, na kwa sababu hakuna aliyemjua kwa jina lingine. Aliyeuliza alijibiwa, "Jina langu nilimpa mtu." Tulidhani ni mzaha wake tu.

Wenye vidonda walipita mlango wa mbele. Sisi walevi tulipita nyuma, kwenye migomba.

Mimi nilipelekwa na mke wangu, Mama Masika. Siku hizo nilikuwa dereva wa lori la chumvi. Nilipakia Katwe, nikashusha Bwera na Kasese, na asubuhi sikuweza kushika usukani kabla sijapiga waragi, maana mikono ilitetemeka hadi funguo zinalia. Mama Masika alinishika kiganja kama mtoto anayepelekwa shule, akanisimamisha mbele ya Dresa, akasema, "Dresa, mtu huyu nakuachia. Mimi na watoto tunakwenda kwa kaka zangu Nyakalengija. Akiacha pombe tutarudi. Asipoacha, hata kwenye maziko msiniite." Akaondoka bila kuniangalia. Nilimpenda sana mwanamke yule, na nilijua hatanii.

Dresa alinipa uji, akaniacha nitapike na kutetemeka kwenye mkeka mpaka mwili ukatulia. Kisha akaniita migombani.

"Unajua kuandika?"

"Nilifika darasa la sita."

"Inatosha. Usiniambie habari za pombe, pombe naijua. Niambie habari za mtu."

"Mtu gani?"

"Yule anayekunywa."

"Si ndiye mimi hapa?"

"Aka! Wewe ni dereva, unataka mke wako arudi. Yule ni mwingine. Mpe jina, mvalishe nguo, mtoe nyumbani kwako, halafu uniambie anaelekea wapi."

Nikajua mzee karukwa na akili. Lakini sikuwa na pa kwenda, nyumba yangu ilikuwa tupu.

Hakutupa karatasi. Alikata jani bichi la mgomba, akalitandika kwenye magoti yako, akakupa mwiba wa mlimau. Unakwaruza polepole usilichane. Mwanzoni huoni kitu, mikwaruzo tu. Dresa analichukua jani, analiweka juani, mnakaa kimya. Kisha utomvu unaanza kugeuka, na maneno yanatoka moja baada ya jingine, ya kahawia, halafu meusi. Ni jambo ambalo kila mtoto wa kwetu anayechezea majani amewahi kuliona. Lakini haki ya Mungu, ukiwa mlevi uliyeacha juzi, ukakaa kuangalia habari zako zinajitokeza zenyewe pale ulipodhani hapana kitu, unaona kabisa kuna mtu mwingine anaziandika kutoka upande wa chini. Mimi niligeuza jani langu nitazame. Dresa akanipiga kofi la mkono.

"Soma. Usichungulie."

Wasiojua kuandika aliwachorisha njia. Mstari huu ni barabara, huu ni mto, hapa ni nyumba, yeye yuko hapa. Kisha wanasimulia wakifuata mstari kwa kidole. Ukiteleza ukasema "mimi nilikunywa" badala ya "yeye alikunywa", jani linachanwa, unaanza upya. Kila ukija kusimulia, mtu wako sharti awe mbele kuliko ulipomwacha. Atembee. Alale njiani, augue, agombane na watu, lakini asirudi. Akirudi mpaka mlangoni kwako, umerudia pombe. Dresa hakueleza zaidi ya hapo, na sisi hatukuhitaji maelezo, maana tuliwaona wenzetu ambao watu wao walirudi.

Wangu nilimwita Zakayo, jina lilinijia tu. Nilimvalisha koti langu la kaki, lile ambalo mfuko wake ulichanika Mama Masika akaushona kwa uzi mweupe, nami nikaliuza Kabatoro kwa chupa moja. Nikamtoa mlangoni pangu, nikampitisha sokoni Bwera, nikamvusha mto pale Mpondwe, nikamfikisha Kasindi, upande wa Kongo, nikampandisha Beni. Nilianza kufurahia. Niliendesha lori huku nikiwaza Zakayo atalala wapi leo, na nilipopita mbele ya baa za Kabatoro nilijisemea, huyo hayupo hapa, yuko mbali. Kahawa zilipovunwa, Mama Masika alishuka kutoka Nyakalengija na watoto na kuku wawili ndani ya kikapu. Aliingia ndani, akanusa vikombe vyote kimoja kimoja, ndipo akavua kitambaa cha kichwa. Nililia mbele ya watoto, sikuona aibu.

Majani yaliyosomwa Dresa aliyatundika kwenye kamba nyuma ya zahanati mpaka yakakauka na upepo ukayala. Sasa fikiria kamba nzima ya majani makavu, upepo unashuka kutoka mlimani saa sita mchana, kijiji kimetulia. Yalinong'ona. Sisemi yalitoa sauti kama ya kunong'ona, nasema yalinong'ona. Wanawake waliotoka shambani waliitikia "ee, wavyuko" kujibu salamu, kisha wakageuka wakaona hapana mtu, wakaharakisha. Mbwa wa zahanati hakuwahi kulala upande ule. Dresa mwenyewe alipita chini ya kamba akiwa ameinama, ingawa alikuwa mfupi na kamba ilikuwa juu, kama anayepita katikati ya watu waliokaa.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Kwenye mweso, bao letu la huku, alikuwa mwizi, aliiba kete huku akikuuliza habari za watoto wako. Alitia chumvi kwenye chai, hata miaka sukari ilipokuwa imejaa madukani, na aliyeshangaa alifukuzwa. Alichukia uongo kiasi kwamba mtu akisema kidonda ni cha jana nacho ni cha juma lililopita, alimwacha akae mpaka jioni. Nikamwambia siku moja, "Dresa, unatufundisha uongo mtupu, hawa watu hawapo." Alikuwa anachemsha mikasi. Akasema, "Wewe endelea kusema hawapo," akaendelea na mikasi yake.

Na alikuwa na chupa. Hiyo ndiyo iliyotusumbua wote. Juu ya meza chumbani kwake, chupa ya waragi imejaa mpaka shingoni, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Aliifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kilekile alichofutia meza. Walevi tulioacha tulikuwa tukiingia pale na kuangalia ukutani.

"Ya nini hii, mzee?" nilimuuliza.

"Ya mgeni."

"Mgeni gani? Mbona haji?"

"Omba asije."

Jambo jingine ni kiti. Kila mtu wa Bwera huanza siku kwa kutazama mlima, aone kama umefunguka au mawingu yamekaa. Mlima ukifunguka, theluji ikaonekana juu kule nyeupe, watu huitana. Dresa hapana. Siku ya mlima kufunguka alitoka nje na kiti chake, akakigeuza, akaupa mlima kisogo. Aliwafunga watu vidonda hivyo, wao wakiutazama mlima juu ya bega lake. Mwenye kidonda akisema tu, "Eh, leo unaonekana vizuri," mkono wa Dresa ulisimama kidogo. Kisha ukaendelea.

Jambo la sajini watu wa Bwera walilicheka kwa miaka, mimi sikulicheka. Alikuwa mtu wa kaskazini, mkubwa, aliyeishi kambini na mkewe na watoto, na mkewe alikwisha mwambia maneno yaleyale niliyoambiwa na Mama Masika. Alikuja migombani na viatu vyake vya jeshi, akachora njia yake vizuri tu. Akamfikisha mtu wake darajani Mpondwe. Kisha, siku moja, akaja anacheka.

"Dresa! Ile mutu nimemaliza. Nimepiga yeye risasi hapo kwa daraja. Kwisha kazi!"

Dresa aliweka mwiba chini. "Afande, umemuua?"

"Ndio. Naenda na yeye mbali ya nini? Naua, naenda nyumbani."

"Sasa nani atamzika?"

Sajini alicheka zaidi, akapiga saluti, akaenda. Lakini kwetu mtu akifa hukaliwa matanga, na matanga hayakai makavu. Hata asiyekunywa hupewa kibuyu agusishe midomo, asionekane ametengana na marehemu. Sajini alikwisha ua mtu, na mtu yule hakuwa na wa kumlilia. Likamkaa rohoni. Kesho yake akaingia baa ya sokoni, akavua kofia, akasema, "Nimefiwa." Watu wakampa pole, wakauliza marehemu ni nani. Akamtaja jina, akaeleza alivyokuwa, alivyopenda utani, alivyokufa vibaya. Kina mama wakalia. Vibuyu vikaletwa. Matanga yakaenda siku nyingi, na sajini ndiye aliyekunywa kuliko wote kwa kuwa ndiye mfiwa.

Mkewe alichukua watoto akapanda basi. Na watu wa darajani walisema kuna kaburi bichi kando ya mto, limerundikwa mawe vizuri, wala hakuna familia iliyozika mtu wakati ule. Nililiona kwa macho yangu nilipopita na lori. Sikusimama.

Tangu hapo Dresa aliwaambia wageni mapema kabisa, kwa ukali, "Hapa hatuui mtu. Tunampeleka."

Sasa niseme langu. Miaka ilipita, serikali zikabadilika, askari wakaongezeka barabarani, sabuni na sukari vikaadimika. Mimi nilikuwa mkavu, nimenenepa, nimejisahau. Zakayo nilimwacha Butembo. Nilikuwa na kazi nyingi, sikwenda tena migombani kumsimulia. Siku moja sokoni Bwera, mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akileta maharage, mtu wa rozari shingoni na asiyejua lolote la kwa Dresa, alinishika mkono.

"Dereva, iko mutu moja kule kwetu Butembo anakusalimia."

"Nani? Mimi sina mtu Butembo."

"Alisema unamujua. Anavaa koti ya kaki, mufuko ilipasuka, walishona na uzi mweupe. Anauliza, Mama Masika iko muzima?"

Koti niliuza, linaweza kuvuka mpaka, hilo nalielewa. Nilijaribu kujishikilia hapo. Lakini kwenye majani yote yale sikuwahi kumpa Zakayo mke, wala kumtaja Mama Masika.

"Anakunywa?" nikamuuliza.

"Eh! Anakunywa sana, papa. Lakini njia hapotezi. Anauliza kila mutu njia ya Bwera."

Niliogopa. Sioni haya kulisema. Niliacha lori sokoni na injini inaunguruma, nikakimbia kwa Dresa. Hakushtuka hata kidogo.

"Ulimwacha Butembo tangu lini?"

"Zamani, mzee. Nilichoka."

"Na yeye kachoka, ndiyo maana anauliza njia." Akakata jani. "Kaa chini, mpumbavu wewe. Msogeze."

Nikamsogeza. Nikamwingiza msituni, nikamvusha mito ambayo hata majina yake siyajui, na mpaka leo, nikiwa mzee mwenye wajukuu, nakaa na jani mara kwa mara kumpeleka mbele kidogo. Namshukuru Mungu Kongo ni kubwa.

Siku ile ndipo nilipomuuliza, "Na wako, Dresa? Uko naye wapi?" Akaelekeza kidole gumba nyuma ya bega lake, kwenye mlima, bila kugeuka.

Nilimwona mara ya mwisho baada ya vita, askari walipokwisha kukimbia na barabara ikawa na utulivu usio wa kawaida. Zahanati ilikuwa imevunjwa, dawa zimebebwa, kamba ya majani imeanguka. Nilimletea kipande cha chumvi ya Katwe kwa ajili ya chai yake, kama kawaida yangu. Ilikuwa mchana, hakuna wingu, mlima umefunguka wote mpaka theluji.

Kiti chake kilikuwa kinautazama.

Nilisimama palepale. Dresa alikuwa amezeeka ghafla, macho yameingia ukungu, mikono yake ambayo haikuwahi kutikisika sasa ilitikisika magotini. Meza ilikuwa nje. Juu yake, ile chupa, gunzi limetolewa na kuwekwa kando, na glasi mbili safi. Harufu ilinifikia, na mate yakanijaa mdomoni baada ya miaka yote ile. Nilijichukia.

"Dresa. Unafanya nini?"

"Karibu, dereva. Nina mgeni."

"Mgeni gani?"

"Nilikosea mwanzoni kabisa, na ninyi hamkujua. Ninyi niliwapeleka Kongo, Kongo haiishi. Mimi wangu nilimpandisha mlimani. Nilikuwa kijana, nilitaka aone baridi, ateseke. Nikampandisha, nikampandisha, mpaka kwenye barafu. Halafu njia ikaisha. Miaka yote hii nilimshikilia pale juu asishuke, na sasa macho hayasomi na mkono haushiki mwiba. Ameshuka. Wapagazi wa Nyakalengija, wale wanaobebea mizigo wapanda mlima, walimpa viazi. Leo yuko njiani hapa."

"Hutakunywa, mzee."

"Akifika nitakunywa. Unajua hivyo."

Nilijua. Nilijua pia kwamba Dresa akinywa, Zakayo naye atasikia huko aliko. Ningewaambia nini watoto wangu? Na zaidi ya hayo nilimpenda yule mzee mtukanaji, sikutaka afe amelala kwenye matapishi kama nilivyolala mimi mkekani kwake.

Tulikatazwa kusimulia mtu wa mwenzio. Nilikwenda kwenye migomba, nikakata jani, nikachuma mwiba, nikakaa chini miguuni pake.

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

Akainama, akanitajia sikioni. Lilikuwa jina la kawaida, la mtoto wa watu. Nikalikwaruza. Nikafikiri nimrudishe juu, lakini juu hapakuwa na njia, mwenyewe alisema. Nikafikiri nimpitishe mbali na nyumba, Dresa angejua. Basi nikaandika jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika migombani kwake, nikaliweka jani juani, tukasubiri. Maneno yalianza kutoka.

"Nisomee," akasema.

Nikalitaja jina lake kwa sauti, nikasoma: amefika kwake, hana tena pa kwenda, amekaa.

"Naam," Dresa akaitika. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana, na ilikuwa imechoka sana.

Upepo haukuwapo, lakini migomba ya upande wa njia ilisogea, kama inayompisha mtu. Sikugeuza shingo. Nilimtazama Dresa tu, na mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea mezani, vidole viko karibu na shingo ya chupa.

"Ana kiu," akasema kwa sauti ileile.

"Ya nini?" Nilipiga kelele, nakumbuka. "Mzee, niambie, ana kiu ya nini?"

Vidole viligusa chupa. Vikakaa pale. Machozi yalikuwa yakimshuka.

"Maji," akasema. "Kumbe anataka maji tu."

Nilikimbilia mtungi. Nikajaza glasi zote mbili, yake nikampa mkononi, nyingine nikaiweka upande wa pili wa meza, mbele ya mahali pasipo na mtu. Nikachukua chupa nikaenda kuimwaga kwenye mashina ya migomba, nikiziba pumzi, mpaka tone la mwisho. Nyuma yangu nilimsikia Dresa akicheka kidogo, akimtukana mtu kwa upole, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye foleni.

Alikufa wiki ileile, usingizini. Tulikunywa chai kwenye matanga yake, yenye chumvi, na jina lake tulilitamka kaburini kwa mara ya kwanza, mimi nikiwa ndiye niliyewatajia. Hapa siliandiki. Jani hukauka likaisha, karatasi hukaa.

Lakini siku ile, niliporudi kutoka migombani na chupa tupu, Dresa alikuwa ameshalala kitini, uso umeelekea mlimani, glasi yake iko magotini, ameimaliza. Nikachukua na ile nyingine nikazioshe. Nayo ilikuwa tupu, na ukingo wa glasi ulikuwa bado umelowa. Mimi sikuwa nimekunywa.